Zoni au divisheni: ulinganisho wa mifumo ya kuainisha maeneo hatarishi na saketi zake, kwa mafundi na wamiliki wa Uganda

Mtu anayejenga kituo cha mafuta Mbarara, ghala la mitungi ya gesi Kampala au kinu cha unga Jinja hukabiliwa na maamuzi mengi kuhusu umeme, lakini moja huyatangulia mengine yote: ni mfumo gani wa kuainisha hatari utakaotawala michoro, vifaa na nyaya za mahali hapo. Mifumo mikubwa ni miwili. Wa kwanza ni wa Tume ya Kimataifa ya Ufundi wa Umeme, IEC, ambao hugawa maeneo kwa zoni na umeelezwa katika mfululizo wa viwango vya IEC 60079. Wa pili ni wa Marekani, uliomo katika Kanuni ya Taifa ya Umeme ya nchi hiyo, NEC, ambao hugawa maeneo kwa madaraja na divisheni. Vifaa vya mifumo yote miwili huingia Uganda, vingine vikiwa vipya na vingine vikiwa vimekwisha kutumika kwingine, na si ajabu kuvikuta ndani ya ua mmoja wa kiwanda.

Nataja hukumu yangu mapema ili msomaji aipime kadiri anavyoendelea kusoma. Kwa ujenzi mpya nchini Uganda, mfumo wa zoni ndio unaofaa, na unapaswa kushikwa kuanzia mchoro wa kwanza hadi glandi (kishikio kinachofunga kebo inapoingia kwenye kasha) ya mwisho. Hata hivyo, kuchagua mfumo ni nusu tu ya kazi. Ndani ya mfumo kuna uchaguzi wa namna ya kukinga kifaa na uchaguzi wa aina ya saketi, na huko ndiko nionako fedha nyingi zikipotea na uhai wa watu ukiwekwa rehani pasipo mtu kukusudia.

Swali ambalo kila mfumo huuliza

Mfumo wa zoni huuliza mchanganyiko unaoweza kulipuka hukaa mahali fulani kwa muda gani. Palipo na mchanganyiko huo mfululizo au kwa vipindi virefu, kama vile nafasi iliyo juu ya petroli ndani ya tangi la chini ya ardhi, ni Zoni 0. Pale unapotarajiwa kutokea mara kwa mara kazi ikiendelea kama kawaida, ni Zoni 1. Pale ambapo hautarajiwi, na ukitokea hudumu kwa muda mfupi tu, ni Zoni 2. Kiwango chenyewe hakiweki idadi ya saa, ila wahandisi wa mafuta wamezoea kukadiria kwamba Zoni 0 ni zaidi ya saa 1,000 kwa mwaka, Zoni 1 ni kati ya saa 10 na 1,000, na Zoni 2 ni chini ya saa 10. Kwa vumbi namba hizo huongezewa ishirini, yaani Zoni 20, 21 na 22.

Mfumo wa Marekani huanza na aina ya kitu kinachoweza kuwaka. Daraja la I ni la gesi na mvuke, Daraja la II ni la vumbi, na Daraja la III ni la nyuzi zinazopeperuka, kama zile za pamba kwenye vinu vya kuchambulia. Baada ya hapo ndipo muda huulizwa, na majibu yake ni mawili tu. Divisheni 1 ni pale hatari inapoweza kuwepo kazi ikiendelea kama kawaida, na Divisheni 2 ni pale hatari inapotokea kwa hitilafu peke yake.

Ukiiweka mifumo hiyo pamoja, Divisheni 2 hulingana kwa karibu na Zoni 2, ilhali Divisheni 1 hubeba Zoni 0 na Zoni 1 kwa pamoja. Hapo ndipo gharama zinapoachana. Mfumo wa zoni hutambua kwamba ndani ya tangi na kando ya mdomo wa tangi si mahali pamoja, hivyo huruhusu kifaa chepesi zaidi kando ya mdomo na kudai kilicho madhubuti kabisa ndani. Marekani wenyewe walikubali faida hiyo walipouingiza utaratibu wa zoni za gesi katika toleo la NEC la mwaka 1996, bila kuufuta ule wa zamani.

Ulinganifu huo una upande mmoja unaoruhusiwa na mwingine usioruhusiwa. Kwa kanuni ya Marekani, kifaa kilichoidhinishwa kwa Divisheni 1 kinaweza kuwekwa Zoni 1 ya gesi ileile kama kipimo chake cha joto kinatosha. Kifaa cha Zoni 1 hakiwezi kupelekwa Divisheni 1 kwa hoja hiyohiyo, kwa sababu Divisheni 1 inaweza kuwa na mahali ambapo gesi haiondoki. Fundi anayeambiwa na muuzaji kwamba "zoni moja na divisheni moja ni kitu kimoja" anapaswa kukataa maelezo hayo papo hapo.

Herufi zinazokwenda kinyume

Kosa ambalo naliogopa kuliko mengine katika kusoma bamba la kifaa linahusu kundi la gesi. IEC hutumia IIA, IIB na IIC, na ukali huongezeka kadiri herufi inavyosonga mbele: IIA ni gesi kama propani, IIB ni kama ethileni, na IIC ni hidrojeni na asetilini. Marekani hutumia A, B, C na D, lakini ukali hupungua kadiri herufi inavyosonga mbele: A ni asetilini, B ni hidrojeni, C ni ethileni, na D ni propani na petroli. Mtu aliyezoea mfumo mmoja akiisoma herufi A ya mfumo wa pili kwa haraka atadhani ameshika kifaa cha gesi pole wakati mahitaji ni ya gesi kali kuliko zote, au kinyume chake. Ninashauri kila stoo ya vifaa iandike kundi kwa ukamilifu, pamoja na jina la mfumo, kwenye daftari la kupokelea mizigo.

Vipimo vya joto vinafanana zaidi. Pande zote mbili hutumia T1 hadi T6, ambapo uso wa kifaa hauruhusiwi kuvuka nyuzi 450, 300, 200, 135, 100 na 85 za Selsiasi kwa mfuatano huo. Marekani wameongeza ngazi za katikati, kwa mfano T3A ya nyuzi 180 na T3C ya nyuzi 160. Petroli iko katika kundi IIA na huhitaji T3. Ethanoli, ambayo huzalishwa katika viwanda vya sukari kama Kakira, iko kundi IIB na T2 huitosha. Hidrojeni inayotoka kwenye betri za asidi zinapochajiwa, ikiwemo katika vyumba vya betri za sola, ni IIC ingawa T1 huitosha, maana ni ngumu kuiwasha kwa joto na rahisi mno kuiwasha kwa cheche. Gesi moja inaweza kuwa pole kwa kipimo kimoja na kali kwa kingine, na kwa hiyo kundi na joto husomwa vyote viwili kila mara.

Kuna jambo jingine la bamba linalohitaji kusemwa wazi. Neno la daraja hutumika katika taratibu nne zisizohusiana. Katika NEC, Daraja la I la maeneo ni la gesi. Katika kiwango cha IEC 61140, Daraja la I ni kifaa kinachotegemea waya wa ardhi, Daraja la II ni kifaa chenye ukingo mara mbili, yaani tabaka mbili za kihami umeme, kisichohitaji waya huo, na Daraja la III ni kifaa cha umeme mdogo sana. NEC tena huita baadhi ya saketi zenye nguvu ndogo Daraja la 1, la 2 na la 3. Na baadhi ya orodha za wauzaji huongeza madaraja ya ubora yasiyo na kiwango chochote nyuma yake. Mashine ya kutoboa yenye alama ya miraba miwili, mmoja ndani ya mwingine, ni ya Daraja la II la ukingo, na kuipeleka kwenye kinu chenye vumbi kwa kuamini kwamba ni ya Daraja la II la NEC ni kupeleka cheche za brashi zake mahali pasipozistahimili hata kidogo.

Kasha zito, kasha jepesi, au saketi isiyo na nguvu ya kuwasha

Baada ya eneo kuainishwa, mnunuzi hukutana na namna kadhaa za kukinga kifaa. Tatu ndizo zitakazotumika katika sehemu kubwa ya kazi za Uganda, nazo hutofautiana katika fikra yenyewe, mbali na bei.

Ya kwanza ni kasha lisilopitisha mwali, lenye alama ya Ex d; Ex ni alama ya vifaa vya maeneo yenye hatari ya mlipuko, na herufi inayofuata hutaja namna ya kinga. Fikra yake ni kwamba gesi itaingia ndani na inaweza kulipuka humo, lakini kasha litastahimili mlipuko na maungio yake marefu na membamba yatapoza hewa moto kabla haijafika nje. Kinga hii inafaa kwa mota, swichi na vifaa vyovyote vinavyotoa cheche kwa kawaida yake. Udhaifu wake uko kwenye matunzo. Bolti moja ikikosekana, rangi ikipakwa kwenye uso wa maungio, au tundu jipya likitobolewa ili kupitisha kebo ya ziada, kasha hubaki zito kama zamani huku kinga yake ikiwa imekwisha. Vilevile haliwekwi karibu na ukuta au chuma kinachoziba maungio: IEC hudai nafasi ya milimita 10 kwa kundi IIA, 30 kwa IIB na 40 kwa IIC.

Ya pili ni usalama ulioongezwa, yenye alama ya Ex e. Hapa hakuna cheche inayoruhusiwa tangu mwanzo. Vishikio vya nyaya hufungwa kwa namna isiyolegea, umbali kati yake huongezwa, na joto hudhibitiwa. Kasha huwa jepesi, mara nyingi la plastiki ngumu, na hufunguliwa kwa urahisi wakati wa ukaguzi baada ya umeme kukatwa. Kwa masanduku ya kuunganishia nyaya mimi huchagua Ex e kila inapowezekana, kwa sababu fundi wa kawaida anaweza kulikagua kwa macho na bisibisi, na kosa lake huonekana. Kosa la Ex d hujificha ndani ya maungio.

Ya tatu ni usalama wa ndani, yenye alama ya Ex i, na hiyo hukinga saketi nzima badala ya kukinga kasha. Nguvu inayoingia eneo la hatari hupunguzwa kiasi kwamba hata waya ukikatika au nyaya mbili zikigusana, cheche inayotokea haina uwezo wa kuwasha gesi. Kiasi kinachozungumzwa ni kidogo mno: hidrojeni huwaka kwa takriban maikrojuli 20, na propani kwa takriban robo ya milijuli. Kwa hiyo njia hii haiwezi kuendesha mota wala taa kubwa. Inafaa kwa vipimo vya kina cha tangi, vya shinikizo, vya joto na vya kugundua gesi. Ina ngazi tatu: ia hubaki salama hata hitilafu mbili zikitokea, ib hubaki salama kwa hitilafu moja, na ic ni salama kazi ikiwa ya kawaida. Kwa Zoni 0 ngazi ya ia ndiyo inayotumika, na kasha la kawaida la Ex d halikubaliki huko hata likiwa nene namna gani.

Ubora mkubwa wa Ex i ni kwamba kifaa chake kinaweza kufanyiwa kazi bila kuzima mtambo, mradi masharti ya cheti yafuatwe na vyombo vya kupimia viwe vinavyoruhusiwa. Kwenye ghala la mafuta linalofanya kazi usiku na mchana, faida hiyo hulipa gharama ya mwanzo.

Saketi za umeme mdogo hazifanani

Naombwa ushauri mara nyingi kuhusu jambo hili, na kila mara najibu kwa urefu kwa sababu nina hofu nalo. Saketi ya volti 24 inaonekana haina madhara, kwa kuwa mtu huigusa na hasikii lolote. Lakini kutomdhuru mtu na kutowasha gesi ni mambo mawili.

Saketi ya umeme mdogo sana, inayojulikana kwa kifupi SELV, imewekewa mipaka ya volti 50 za umeme geu au 120 za umeme mnyoofu ili kumkinga mtu dhidi ya kupigwa na umeme. Haina mpaka wa nguvu unaohusu mlipuko. Betri ya gari ni ya volti 12 tu, na kila fundi makenika ameona cheche zake. Saketi ya Daraja la 2 ya NEC huenda mbele kidogo, kwani chanzo chake huwekewa mpaka ambao kwa kawaida hauzidi volt-ampea 100, na shabaha yake ni kuzuia moto wa nyaya na kupunguza hatari ya mshtuko. Kiasi hicho bado kinazidi kwa mbali kile kinachowasha mvuke wa petroli. Ni saketi ya Ex i peke yake ambayo imepimwa na kuthibitishwa dhidi ya gesi, pamoja na urefu wa kebo yake, kwa kuwa kebo nayo huhifadhi nguvu.

Historia ilikwisha kulifundisha hili kwa gharama kubwa. Tarehe 14 Oktoba 1913, mgodi wa makaa wa Senghenydd huko Wales ulilipuka na kuua wachimbaji 439, na miongoni mwa vyanzo vilivyoshukiwa ni cheche za kengele za umeme zilizotumiwa kupelekeana ishara. Utafiti uliofanywa Uingereza kuhusu kengele za migodini katika miaka hiyo ndio uliozaa fikra ya saketi isiyoweza kuwasha gesi.

Anayechagua Ex i atakutana na uamuzi mdogo ndani yake: kifaa cha kupunguza nguvu kabla haijaingia eneo la hatari kiwe kizuizi cha diodi za zena, au kitenganishi kisichounganisha pande mbili kwa waya. Kizuizi cha zena ni cha bei nafuu na hakina mengi ya kuharibika, lakini uhai wake wote uko kwenye waya wa ardhi. Njia ya kutoka kwenye reli ya vizuizi hadi sehemu kuu ya ardhi ya mfumo wa umeme inapaswa kuwa na ukinzani chini ya ohm 1, kwa waya mmoja wa milimita za mraba 4 au nyaya mbili za 1.5 kila mmoja, na njia hiyo lazima ibaki hivyo kwa miaka yote ya mtambo. Kitenganishi ni ghali zaidi na huhitaji umeme wake chenyewe, lakini hakitegemei waya huo. Kwa Uganda, ambako ukanda wa Ziwa Victoria hupigwa na radi mara nyingi, ambako nyaya za shaba huibwa, na ambako udongo wa murramu hukauka wakati wa kiangazi, ninashauri kitenganishi. Nitabadilisha ushauri huo pale tu ambapo kuna mtu mwenye jina na ratiba anayepima ardhi na kuandika majibu.

Hesabu ya saketi yenyewe si ngumu. Volti, ampea na nguvu ya juu zaidi inayotoka kwenye kizuizi au kitenganishi isizidi ile inayokubaliwa na kifaa cha eneoni, na uwezo wa kebo pamoja na kifaa kuhifadhi umeme usizidi ule ulioandikwa kwenye cheti cha kizuizi. Ukurasa mmoja unatosha kwa kila saketi. Kama mkandarasi hana ukurasa huo, saketi hiyo haijathibitishwa, hata kama kebo yake ina rangi ya buluu inayotumika kuashiria Ex i.

Nyaya na maungio

Desturi ya Marekani ni kupitisha nyaya ndani ya mabomba ya chuma yaliyofungwa kwa nyuzi za skrubu, na kuziba mabomba hayo kwa kimiminiko kinachoganda karibu na kila kasha ili mwali na gesi visisafiri ndani yake. Desturi ya IEC ni kebo yenye deraya na glandi iliyoidhinishwa. Bomba lililozibwa vizuri ni imara sana, ila kuziba huko hufanyika mara moja, hakuonekani tena, na kukisahauliwa bomba hugeuka njia ya kupeleka gesi hadi chumba cha swichi. Kebo na glandi hukaguliwa kwa urahisi zaidi. Uthabiti wa skrubu nao una mtego: nyuzi za Marekani za NPT na za IEC za M20 au M25 zinaweza kushikana kwa mizunguko michache na kuonekana zimekaza, ilhali kasha la Ex d huhitaji angalau nyuzi tano zilizoshikana kikamilifu.

Mfumo wa ardhi wa jengo nao uangaliwe. IEC 60079-14 hairuhusu waya mmoja kutumika kama nyutro na ardhi kwa pamoja ndani ya eneo hatarishi. Nyaya hizo mbili zitenganishwe. Ikiwa jengo hutegemea nguzo yake lenyewe ya ardhi, saketi za Zoni 1 zinapaswa kuwa na swichi inayokata umeme unapovuja.

Vumbi

Mafuta huogopwa na kila mtu, vumbi huogopwa na wachache. Tarehe 7 Februari 2008 vumbi la sukari lililipuka katika kiwanda cha Imperial Sugar huko Port Wentworth, Georgia, na watu 14 wakafa. Uganda ina viwanda vikubwa vya sukari Kakira, Lugazi na Kinyara, vinu vya mahindi karibu kila mji, na vinu vya pamba kaskazini na magharibi, hivyo jambo hili linaihusu moja kwa moja.

Tofauti ya mifumo hapa ni ndogo kuliko kwenye gesi. Vumbi la nafaka ni Kundi G la Marekani, na kwa IEC ni kundi IIIB. Nyuzi za pamba ni Daraja la III huko na kundi IIIA huku. Vumbi la chuma linalopitisha umeme ni Kundi E huko na kundi IIIC huku. Jambo la kuzingatia ni kwamba vumbi hutua. Tabaka lake juu ya mota huzuia joto kutoka, na mota iliyokuwa salama ikiwa safi huanza kuchoma tabaka hilo polepole. Kwa hiyo IEC hutoa masharti mawili kwa pamoja: joto la uso lisizidi theluthi mbili za joto linalowasha wingu la vumbi hilo, na pia liwe chini kwa nyuzi 75 kuliko joto linalowasha tabaka la milimita 5. Hakuna kasha linaloweza kuchukua nafasi ya ufagio na mashine ya kufyonza vumbi iliyoidhinishwa.

Kinachoegemeza uamuzi kwa Uganda

Umeme wa Uganda ni volti 240 kwa fezi moja na 415 kwa fezi tatu, kwa hezi 50. Vifaa vingi vya Marekani hutengenezwa kwa hezi 60 na volti za huko, na cheti cha kifaa cha eneo hatarishi hutaja volti na hezi zake. Mota iliyoidhinishwa kwa T3 ikiwa na hezi 60 haina cheti hicho tena ikizunguka polepole, ikijipoza vibaya na kupanda joto katika hezi 50. Sababu hii peke yake ingenitosha.

Mwinuko ni jambo ambalo wauzaji wachache hulitaja. Viwango vya IEC huchukulia shinikizo la hewa kati ya kilopaskali 80 na 110, na joto la mahali kati ya nyuzi 20 chini ya sifuri na nyuzi 40, isipokuwa bamba liseme vingine. Kampala, iliyo kwenye mwinuko wa takriban mita 1,200, imo ndani ya mipaka hiyo bila shaka. Kilopaskali 80 hulingana na karibu mita 2,000, kwa hiyo kwenye milima ya Kabale na Kisoro mnunuzi amwandikie mtengenezaji na kupata jibu kwa maandishi. Upande wa joto, paa la mabati linaloangalia jua la adhuhuri linaweza kuifanya hewa iliyo chini yake ivuke nyuzi 40 hata kama mji wenyewe haujafika hapo.

Kisha kuna watu. Mafundi wa Uganda, Kenya na Tanzania wamelelewa katika desturi ya nyaya iliyotokana na Uingereza, na miradi ya mafuta ya Tilenga na Kingfisher pamoja na bomba la kilomita 1,443 kutoka Kabaale, Hoima, hadi Chongoleani karibu na Tanga imewapa wengi wao nafasi ya kujifunza kazi hii. Mafuta ghafi ya Uganda yana nta nyingi na bomba lake hupashwa joto ili yasigande. Nyaya za kupashia joto zenyewe ni saketi zinazopaswa kuchaguliwa kwa kipimo cha T. Fundi huyo akihamia ghala la mafuta la Jinja au kituo cha Gulu, atasoma Ex db IIB T4 Gb, yaani kasha lisilopitisha mwali la kundi IIB na T4 linalofaa Zoni 1, bila msaada wa mtu. Mmiliki hufaidika anapochagua mfumo ambao mtu wa kuutunza yupo karibu.

Kwa hiyo, kwa kituo cha mafuta kipya ningeandika hivi kwenye zabuni: kipimo cha kina ndani ya tangi kiwe Ex ia kupitia kitenganishi, vifaa ndani ya pampu na kwenye mashimo ya matangi viwe vya Zoni 1, kundi IIA au zaidi, T3 au baridi zaidi, masanduku ya kuunganishia yawe Ex e, taa za paa ziwekwe nje ya mipaka ya zoni pale ramani inaporuhusu, kwa kuwa mvuke wa petroli ni mzito kuliko hewa na hulala chini. Kwa ghala la gesi ya kupikia ningeandika karibu hayohayo, nikiongeza kwamba mifereji na mashimo yote yaliyo karibu yahesabiwe, maana gesi hiyo nayo hushuka. Kwa mtambo wa bayogasi ningegeuza ramani juu chini, kwa sababu methani hupanda na kukusanyika darini.

Fundi atakayeajiriwa awe na kibali cha Mamlaka ya Udhibiti wa Umeme, ERA, na zaidi ya hapo aonyeshe mafunzo ya maeneo hatarishi, kwa kuwa kufunga nyaya za nyumba na kufunga nyaya za Zoni 1 ni kazi mbili. Vyeti vya vifaa viwe vya IECEx, mfumo wa vyeti wa IEC, au ATEX, ule wa Umoja wa Ulaya, na namba ya cheti ihakikiwe. Vyeti vya IECEx vinaweza kutafutwa mtandaoni bila malipo. Ukaguzi wa vifaa vilivyofungwa usipite miaka mitatu, na vya kushika mkononi usipite miezi 12.

Panapo mtambo wa Marekani uliokwisha kufungwa, kwa mfano pampu na injini zilizoletwa zikiwa zimeunganishwa kwenye fremu moja, sioni haja ya kuubomoa. Uachwe uwe kisiwa chenye mfumo wake, mpaka wake uchorwe kwenye ramani, na mahali ambapo kebo za IEC zinakutana nao pawe sanduku moja lenye adapta zilizoidhinishwa kwa nyuzi za pande zote mbili. Vipuri vya kisiwa hicho viwekwe rafu yake pekee stooni, na kwenye mlango wa rafu ibandikwe karatasi inayoonyesha kwamba A ya huko ni asetilini.